Sanduku la babu lifunguliwe

Katikati ya Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia mji wetu wa Tabora, Wajerumani wakiwa wameshaukimbia. Jemadari wake, Tombeur, alirudi kwao akapewa ubaroni, akaitwa Baroni Tombeur wa Tabora. Askari weusi waliopigana pande zote mbili, na wapagazi waliowabebea risasi na unga, wengi wao hawakupewa hata mstari kwenye kaburi.

Haya si maneno ya hasira tu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wanyamwezi walikuwa wameizoea njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kwa miaka mingi, wakibeba kwa ujira na kwa sifa. Vita vilipokuja mzigo ukawa wa lazima, na karani aliyehesabu mizigo hakuona haja ya kuandika nani kaibeba.

Kwa hiyo kijana wa Tabora anayemtafuta babu yake askari asianzie Ulaya. Kule London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza iliyoko Kew, atakuta shajara za vikosi vya keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki: kikosi kililala wapi, kilivuka mto gani, ofisa gani alijeruhiwa. Askari wa kawaida ni nadra kutajwa. Aanzie nyumbani, na swali la kwanza ni jina. Aliyekuwa Kulwa kijijini huenda aliandikishwa Juma. Maganga akageuka Mganga kwa sikio la karani mgeni. Bila jina la jeshini, daftari lolote ni msitu.

Kisha zitafutwe karatasi. Nyota ya Burma, nishani ya waliopigana huko katika Vita Kuu ya Pili, inang'aa, lakini nishani za vita hivyo kwa kawaida hazikuchongwa jina la mwenyewe, hivyo peke yake haisemi ni ya nani. Kinachosema ni cheti cha kuachishwa jeshi, kile kilichokunjwa mara nne na kuliwa na mchwa pembeni: kina namba, kikosi na tarehe. Tumeona familia zikitunza nishani kabatini na kuwashia moto cheti.

Ukishapata kikosi, hata majina ya hapa mjini yanaanza kuzungumza. Kambi ya Tabora iliitwa Kalewa. Wangapi wanajua kwamba Kalewa ni mji wa Burma, kando ya mto Chindwin, ambao askari wa Afrika Mashariki waliufikia Desemba 1944?

Waliopanda mihogo wakimsubiri baba arudi kutoka Burma sasa ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Vitabu vya ubatizo vya misheni za Wakatoliki na Wamoraviani vinaweza kuthibitisha ukoo, na Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina mafaili ya utawala wa mkoa. Lakini vitabu vitasubiri. Wazee hawatasubiri.

Mkoa nao una kazi. Kule Kwihara, karibu na mji, tunaitunza nyumba aliyokaa Livingstone, mgeni wetu, na si vibaya. Tunaomba pale pale pawekwe daftari moja na mashine ya kunakili, familia zilete vyeti na picha vinakiliwe, kisha zirudi navyo nyumbani siku hiyo hiyo. Gharama yake haifiki ya sherehe moja ya uzinduzi.

Na wewe msomaji, kama una mzee nyumbani, muulize wiki hii: babu alijiandikisha kwa jina gani? Liandike.