Wahusika Saba, Mshikaji Mmoja: Huo Ujanja Uko Wapi?

Kuna mshikaji anauza kava na chaja mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Jina kapuni. Ukimkuta jioni mauzo yamepoa, simu mbili ziko mezani, moja inachaji nyingine inachezwa, muulize habari za Albion Online uone atakavyojinyoosha kwenye kiti. Atakwambia ana wahusika saba. Mmoja wa kupigana, mmoja wa kutibu wenzake, mmoja wa kuchimba madini, mmoja anakaa sokoni kuuza na kununua, na watatu wa "kazi maalum". Hiyo kazi maalum anaitaja huku anatabasamu, kama mtu anayeulizwa habari za mchepuko.

Madogo wanaomzunguka wanamwona kichwa balaa. Na wao wameanza. Mtu hajamaliza hata wiki kwenye gemu tayari kafungua barua pepe nne, kila moja na jina lake. Mwenye mhusika mmoja anaitwa mshamba.

Hapo ndipo watu wanapigwa changa la macho. Kwenye gemu kama lile, mwenye wahusika saba mara nyingi ni mvivu, na kama si mvivu basi kuna kitu anaficha.

Tuanze na uvivu, maana huo unaelezeka haraka. Albion imetoka 2017, watengenezaji ni Sandbox Interactive wa Berlin, na Juni 2021 ikaingia rasmi kwenye simu, ndiyo maana leo iko mpaka kwenye Tecno na Infinix za Kariakoo. Gemu hilo halina mambo ya kuchagua kazi ukazaliwa nayo. Ulichovaa ndicho ulicho. Shika upinde, wewe mpiga mishale. Weka chini upinde, chukua fimbo ya kutibu, wewe mganga. Mhusika huyo huyo anakata kuni, anafua chuma, anapika, anafuga. Anakuwa bora kwa kufanya, kitu hadi kitu, siku hadi siku. Sasa mtu akigawa saa mbili zake za usiku kwa watu saba, anategemea nani akue? Bando ni lile lile la buku. Matokeo yake ana watoto wachanga saba na hamna hata mmoja anayeweza kusimama kwenye pambano la maana.

RuneScape nayo vile vile, lile gemu la Jagex wa Cambridge lililoanza 2001. Toleo lake la Old School liko kwenye simu tangu Oktoba 2018. Ujuzi ni zaidi ya 20, na wote unaweza kuufikisha mwisho kwa mtu mmoja ukiwa na moyo. Tena mwaka 2014 walileta namna ya kucheza inayoitwa Ironman, ambapo mchezaji hafanyi biashara na mtu yeyote, kila kitu anajitafutia mwenyewe. Wengi waliikimbilia kwa hiari yao. Watu wazima, hakuna aliyewalazimisha, wakachagua njia ngumu ya mtu mmoja. Waulize kwa nini hawakuchagua ujanja.

Haki isemwe: si gemu zote ziko hivyo. World of Warcraft, ya mwaka 2004, siku ya kwanza tu unachagua fani, na ukishachagua ushujaa wa upanga, upadri hauupati mpaka ufe. Pale kuwa na mhusika wa pili ni kama kuwa na viatu vya kazini na ndala za nyumbani, hamna wa kukulaumu. Lakini angalia walichofanya wenye gemu lao mwaka 2024. Walileta kitu kinaitwa Warbands, wahusika wako wote wakawekwa kama ukoo mmoja, sifa na mali nyingi vikawa vya pamoja. Maana yake hata Blizzard, miaka 20 baadaye, waliona mtu kujikatakata vipande ni usumbufu, wakamshona upya.

Sasa tuje kwenye hiyo "kazi maalum".

Kulikuwa na chama chao kidogo ndani ya Albion, watu kumi na tatu. Wengi vijana wa Kariakoo, Ilala na Magomeni, na mmoja yuko Muscat anaendesha gari, anaingia akishatoka zamu. Wanacheza duka likifungwa, wanaongea kwa Discord, stori zenyewe nusu gemu nusu Simba na Yanga. Kwa wiki tatu walikusanya malighafi, kila mtu anatupia alichopata kwenye sanduku la chama. Lengo kupeleka mzigo Caerleon, mji ulio katikati ya ramani, kuuza huko, hela igawanywe, kila mmoja alipie Premium ya mwezi kwa fedha ya ndani ya gemu bila kugusa ya mfukoni. Kwa kijana anayelala na elfu tano ya faida, hiyo si mchezo.

Njia ya Caerleon inapita maeneo mekundu. Ukiuawa pale unavuliwa kila kitu. Mzigo ukabebeshwa ng'ombe, na aliyepewa kumwendesha ni dogo mmoja wa Gerezani, mpole, hana hata mwaka kwenye chama, ila alikuwa hajawahi kukosa usiku hata mmoja. Saa ya safari na njia walipanga wao kumi na tatu tu.

Wakavamiwa mguu wa pili wa safari. Si kwa bahati mbaya; jamaa walikuwa wamejipanga wanasubiri kama abiria wa mwendokasi. Ng'ombe kaanguka, mzigo wa wiki tatu ukaenda.

Usiku ule kwenye Discord kulikuwa kama msibani. Na aliyefariji kuliko wote ni huyo wa Aggrey. "Tutajipanga wanangu, hii gemu tu." Kisha kwa sauti ya upole akauliza swali: hivi dogo wa Gerezani alikuwa anachati na nani jana? Basi. Ikatosha. Dogo akatukanwa matusi ya nguoni, akanyang'anywa ruhusa ya sanduku, akajitetea kama dakika kumi hivi halafu akanyamaza, akatoka.

Ukweli ulitoka kesho yake jioni, na ulitoka kizembe kabisa. Yule wa Muscat alikwenda kwenye Discord ya wale wavamizi kuomba auziwe angalau nusu ya mzigo. Wakawa wanajadili bei. Chumbani mle kulikuwa na mtu mmoja kimya, jina la ajabu ajabu, kasahau kuzima maiki. Nyuma yake spika ya machinga inaimba: "Soksi tatu buku! Soksi tatu buku! Shangazi usipite, soksi tatu buku!" Sauti iliyorekodiwa, ina mkwaruzo palepale kwenye "shangazi". Wa Muscat aliijua. Wote kumi na tatu wanaijua, wameisikia miezi nyuma ya mshikaji wao kila akifungua mdomo.

Hiyo ndiyo kazi maalum. Kumbe mhusika wa sita alikuwa mwanachama mwenye heshima zake kule kwa maadui.

Mambo haya hayakuanzia Kariakoo. Mwaka 2005 kwenye EVE Online, gemu la anga la watu wa Iceland, kikundi cha mamluki kiliingiza watu wake ndani ya shirika moja kubwa la wachezaji, wakakaa humo karibu mwaka mzima wanaaminiwa, wanapandishwa vyeo, halafu siku moja wakamlipua kiongozi na kuzoa maghala. Dunia nzima ya gemu iliandika, na mpaka leo kuna watu wanaisimulia kama ushujaa. EVE inaruhusu usaliti, kweli, upo ndani ya sheria zake. Ila wale walikodiwa, walikuwa na mpango, na kazi ikiisha walijitangaza kuwa ni wao. Wa Aggrey hakujitangaza. Alimtupia dogo msala.

Watetezi wake wana hoja zao, na nyingine si za kupuuza. Wanasema mbona Joti? Leo bibi kizee, kesho mtoto, keshokutwa mzee wa kijijini, na Tanzania nzima inampenda. Sawa. Lakini mtu gani aliwahi kumtazama yule bibi akadhani ni bibi kweli? Ukitazama unajua ni Joti, yeye anajua unajua, na utamu wenyewe uko hapo. Sasa ukicheza wahusika saba na chama kikajua wote saba ni wewe, endelea bana, hamna kesi. Tatizo ni saba ambao hawajuani.

Wengine wanasema mbona Kariakoo yenyewe inaishi kwa mawinga? Winga hana fremu, leo anauza simu za duka hili, kesho viatu vya duka lile, na familia inakula. Ni kweli na ni kazi halali. Ila winga mzuri ana sura moja na namba moja ya simu. Simu uliyonunua ikizima siku ya tatu unajua pa kumtafuta. Winga anayebadili jina kila mteja hamwiti winga, watu wana jina lake lingine.

Hoja ya dada zetu ndiyo nzito kuliko zote. Msichana akifungua mhusika wa kike na kuongea kwenye maiki, nusu saa haipiti hajaombwa namba, na akikataa anatukanwa. Wengine wamefungua mhusika wa kiume ili wacheze kwa amani. Hapo lawama si yake hata kidogo. Anayejificha mbwa si sawa na mbwa aliyejificha.

Na yupo mmoja, anauza vitenge mtaa wa Kongo, ambaye hakujificha. Mhusika mmoja tangu 2021, jina moja. Si mchezaji mkali, anakufa sana, wamemcheka sana. Mwaka fulani alikosea akafungua sanduku la chama kwa mtu asiyestahili, vitu vikaibwa. Angekuwa na saba angepotea na wa kwanza na kurudi na wa pili, hajulikani. Yeye kesho yake aliingia na jina lile lile, akaomba radhi mbele ya watu wote, akawa analipa kidogo kidogo kwa miezi miwili kwa kuchimba madini. Leo akivuliwa kila kitu huko kwenye maeneo mekundu, watu wa vyama vitatu tofauti wanamtumia nguo na silaha kabla hajamaliza kulia. Hiyo haiuzwi sokoni Caerleon.

Ndiyo maana hoja ya "ni gemu tu" haina miguu. Tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini. Watu walilalamika foleni za NIDA, na foleni zilikuwa noma kweli. Lakini kila mtu alielewa sababu: meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zilikuwa zimewamaliza wazazi. Mtu aliyekuwa na laini tisa za kupigia watu simu hizo naye alikuwa anasema ni mchongo tu. Kwenye gemu hamna kidole. Kuna barua pepe, na barua pepe ni bure.

Halafu kuna biashara. Baadhi ya hao wahusika saba wanalelewa kama kuku wa kisasa, wanapewa wiki kadhaa, wakinenepa wanauzwa kwa madogo wasiojua, wakati Sandbox, Jagex na Blizzard wote wanakataza kuuza akaunti kwa hela halisi na wanafungia. Dogo analipa leo, baada ya muda akaunti inafungwa, akirudi dukani anaambiwa "mimi huyo simjui". Na kwa kweli si uongo. Ni mhusika mwingine ndiye aliyemuuzia.

Wa Aggrey hajaomba radhi mpaka sasa. Wiki iliyopita chama kilipokea ombi la mtu mpya, jina halijulikani, maneno ya heshima, "naomba kujifunza kutoka kwenu wakubwa". Wakamwita kwenye chumba cha sauti wamsikie kidogo. Alisalimia vizuri tu. Nyuma yake soksi zilikuwa zimepanda bei, sasa ni mbili buku.

Wakafunga chumba bila kumjibu. Kisha wa Muscat akafungua orodha ya wanachama, akashuka mpaka chini kabisa, pale ambapo jina la dogo wa Gerezani bado liko kwa sababu hakuna aliyepata ujasiri wa kulifuta. Pembeni yake gemu limeandika ameingia mara ya mwisho siku 64 zilizopita.