Hesabu au Kiingereza?



Mtaala wetu wa umahiri hapa Rwanda, uliozinduliwa 2015, unataka mtoto aelewe, si akariri. Mitihani ya darasani ni kama haijapata habari. Waulize watoto sehemu ipi ni kubwa, 1/3 au 1/4. Wengi watachagua 1/4, kwa kuwa 4 inaizidi 3. Wape chapati wagawane, hakosei mtu! Kosa hilo linamwonyesha mwalimu pa kuanzia, lakini karatasini huambulia wino mwekundu tu. Tena, Desemba 2019 Wizara ya Elimu ilitangaza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Je, swali la mafumbo la hesabu lililoandikwa kwa lugha hiyo linapima nini, hesabu au Kiingereza? Walimu watoe alama kwa hatua, wamhoji mtoto kwa Kinyarwanda kabla ya kumwandikia sifuri.

Mzazi, Kimironko, Kigali