Mlango Ukipiga Mluzi, Usiongeze Redio

Wasee, leo wacha tukosane. Nimechoka na hii tabia: gari linapiga mluzi mlangoni kutoka Webuye mpaka Kitale, na dereva anaongeza redio akisema, "Huo ni upepo tu."

Upepo tu? Upepo ukipata njia, vumbi limeipata. Mvua imeipata. Moshi wa ekzosi pia, na ndani ya huo moshi kuna kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Tena kuna mlango unaolia kwa sababu haujashika. Kufuli ya mlango wa gari hushika kwa hatua mbili. Ikiishia ya kwanza, mtoto aliyeegemea hapo yuko hatarini.

Lakini dereva tutamsamehe. Shida yangu kubwa ni fundi wa kubahatisha. Mjomba wangu ana Probox. Ilipoanza kulia, akaipeleka kwa fundi. Fundi hakupanda gari asikie, hakuuliza inalia spidi gani. "Hiyo ni beringi." Mjomba akatoa 4,500. Tukirudi Misikhu, kufika 80 tu, mluzi ni ule ule! Akamrudia, akaambiwa sasa anunue raba za milango yote minne. Hapo nikasema, mjomba, ngoja kwanza.

Sikizeni. Beringi mbovu huvuma, na mara nyingi mvumo hubadilika ukikata kona. Kelele ya tairi hubadilika lami ikibadilika. Mluzi wa upepo huanza ukifika spidi fulani, na hubadilika upepo ukivuma kutoka ubavuni. Keria na vile vizuia mvua vya dirishani pia hupiga mluzi, kwa hivyo vitoe kwanza.

Halafu chukua kipande cha karatasi ya daftari, kibane mlangoni, funga, vuta. Kikitoka bila kukwama, hapo raba haibani. Zunguka mlango wote hivyo. Bado una shaka? Nunua ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, mwenzako azibe mwanya wa mlango kwa nje, kisha uendeshe barabara ile ile. Kelele ikiisha, bandueni kipande kimoja kimoja. Ikirudi, umepata mahali.

Kwa mjomba ilikuwa mlango wa dereva, kona ya juu upande wa nyuma. Na raba ilikuwa nzima! Kile chuma cha kwenye nguzo, ambacho kufuli hushika, kilikuwa kimekaa nje kidogo. Tukachora alama pale kilipokuwa, tukalegeza bolti, tukakisogeza ndani kama milimita moja, tukakaza. Gharama yote ni tepu.

Si kila gari litapona hivyo. Ukiuinua mlango ukacheza, hiyo ni hinji, usijaribu kuiponya kwa kusogeza kile chuma. Raba iliyopasuka, badilisha kwa ya modeli hiyo hiyo. Iliyokauka tu, ioshe kwa maji na sabuni, uipake grisi ya silikoni. Oili ya injini na petroli huiharibu.

Najua mafundi watakuja hapa kunitukana kwamba nawaharibia kazi. Basi wacha niwatetee kidogo. Sisi wateja tuna makosa. Fundi akikaa saa nzima akitafuta tatizo, tunampa mia mbili ya chai. Akibadilisha kitu, tunatoa maelfu bila kuuliza. Wewe ungefanya nini? Ungebadilisha vitu!

Kwa hivyo mkubaliane mapema: kutafuta kuna bei yake, na kutengeneza kuna bei yake. Nitalipa zote mbili. Lakini fundi akikataa kupanda gari asikie mluzi kwa masikio yake, mwombe ufunguo wako uende. Hizo 4,500 za mjomba hazikurudi mpaka leo.