Picha Moja, Deni la Nani?

Mbio za magari zimewahi kufika Vipingo, Kilifi, na vijana wenye kamera hupenda kusogea pale kwenye kona yenye vumbi. Burudani safi, lakini ina gharama yake.

Mwaka 1986 nchini Ureno, dereva Joaquim Santos aliwakwepa watazamaji waliokuwa njiani, gari likaparamia umati. Watatu walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa.

Je, kama aliyejitosa njiani ni mwanao, akitafuta picha? Bima ya kawaida ya gari kwa kawaida haihusu mashindano. Bima ya waandaaji nayo huenda isimtaje mpiga picha wa kujifurahisha. Aliyeumia anaweza kumshtaki yeye binafsi kwa uzembe.

Usichanganye mambo mawili: bima ya ajali hukufidia wewe ukiumia, bima ya dhima hulipia madhara uliyowasababishia wengine. Waulize waandaaji mapema kama umo. Kama humo, mwone wakala wa bima, mtajie mbio za magari waziwazi, kisha usome yale yasiyolipiwa.

Hata ukiwa na bima, kaa nyuma ya utepe. Ajali haina kinga, na fidia hairudishi uhai.