Mkono Unapoachia Mshale Kabla Hujaamua

Hofu ya shabaha utaitambua ukisimama nyuma ya mpiga upinde. Anavuta vizuri, lakini ncha ya mshale ikikaribia duara la njano inagoma chini yake, haipandi tena. Au vidole vinaachia ugwe kabla mwenyewe hajalenga. Mwondolee karatasi ya shabaha, mkono unatulia kabisa. Mtu huyu hupewa maneno mengi yasiyomsaidia.

La kwanza ni kwamba anaogopa mashindano. Mbona basi hofu hii inamkuta hata akifanya mazoezi peke yake, hakuna mwamuzi wala mpinzani? Presha huchochea, ila mzizi ni mazoea: jicho limeona njano na mkono ukaachia mara nyingi mno, hadi kuiona njano kukawa ndiyo amri.

Wengine husema ni shida ya wasio na kipaji. Fred Bear, Mmarekani aliyewafundisha wengi kupenda kuwinda kwa upinde, alisumbuliwa nayo. Katika mchezo wa vishale, Eric Bristow wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia mara 5 kabla mkono wake haujaanza kukataa kuachia kishale.

Ushauri unaoniuma kuliko wote ni huu: "Piga mishale mingi zaidi." Hutolewa kwa nia njema, na ndio unaozidi kumzamisha mtu. Kila mshale unaotoka kwa hofu unaifundisha hofu hiyo upya. Kinachotakiwa ni kutenganisha kulenga na kuachia. Simama hatua chache tu kutoka kwenye robota lisilo na karatasi, tumia upinde mwepesi kwa kuwa misuli iliyochoka huharakisha kuachia, kisha piga ukisikiliza mgongo unavyovuta. Endelea hivyo kwa wiki kadhaa, hata kama wenzako wanakucheka. Baadaye weka karatasi kubwa papo hapo karibu. Vuta, lenga katikati, tulia, halafu rudisha ugwe taratibu bila kuachia. Rudia, na urudie tena, hadi mwili ukubali kwamba njano inaweza kutazamwa tu. Hapo ndipo unaruhusu mshale mmoja mmoja utoke, na umbali unaongezwa kidogo kidogo kuelekea mita 70 za Olimpiki, ambako duara la pointi 10 lina upana wa sentimita 12.2 tu.

Wengine humwambia: "Nunua klika." Kibamba hiki chembamba hukaa juu ya mshale na kulia "tak" mvuto unapotimia, hivyo amri inahama kutoka jichoni kwenda sikioni. Kinasaidia kweli. Lakini asiyefanya mazoezi yale huanza kukiogopa chenyewe: zimebaki milimita mbili na mshale hausogei, au anaachia kabla hakijalia. Vifyatuzi, yaani vifaa vinavyoachia ugwe badala ya vidole kwenye pinde za kampaundi, vina kasoro hiyo hiyo.

La mwisho, na la kikatili zaidi: "Ukishaipata, umekwisha." Bristow aliingia tena fainali za dunia mwaka 1987, 1989, 1990 na 1991. Alishindwa zote nne, ila mtu aliyekwisha hafiki fainali. Hofu hii inaweza kurudi, kweli. Ikianza kunyemelea, ondoa karatasi siku hiyo hiyo, usingoje msimu uishe.