Mshale wa Petroli Si Shahidi



Jambo tunalotaka kusema safari hii ni dogo kulitazama, maana ni habari ya mshale mmoja usiozidi urefu wa kidole. Lakini mshale huo karibu umtoe kazini ndugu yetu mwenye watoto wanne, na kwa hiyo hatuwezi kulipita kimya.

Ndugu huyo ni dereva wa ofisi moja mjini Nairobi. Jina lake hatulitaji, wala la tajiri wake, kwa kuwa shauri bado halijakwisha. Kazi yake ni kupeleka barua na makarani kwa motokaa ndogo, Suzuki Alto. Amri ya ofisi ni kwamba petroli isitiwe mpaka taa ya manjano iwake. Mwezi uliopita taa iliwaka akiwa katikati ya msongamano, akafika kituo cha petroli injini ikikohoa. Akajaza mpaka mdomoni, na risiti ikatoka lita 36.8. Karani wa hesabu akafungua kitabu cha gari, akaona tangi ni la lita 35. Basi, bila kuuliza neno, akaandika kwamba lita 1.8 zimetiwa katika mtungi. Tena likaja shitaka la pili: jioni mshale uliandikwa katika daftari kuwa kwenye nusu, na asubuhi ukaonekana chini ya nusu, kwa hiyo, ati, usiku petroli imefyonzwa kwa mpira. Ndugu yetu akapewa karatasi atie sahihi kwamba anakubali kukatwa mshahara, la sivyo aende zake.

Tuanze na hilo tangi. Lita 35 ni hesabu aliyoiandika mwenye kiwanda, na juu ya hesabu hiyo kuna shingo ya kutilia petroli na nafasi ya hewa iliyoachwa makusudi. Petroli ikipata joto huvimba: joto likipanda digrii 10, lita 35 huongezeka karibu theluthi moja ya lita. Nafasi ile ni ya uvimbe huo. Mtu akiendelea kutia baada ya pampu kujizima, huijaza nafasi hiyo pamoja na shingo, na lita 1.8 si ajabu hata kidogo. Hatumsifu aliyejaza hivyo, maana petroli huingia katika chombo cha kunasa mvuke wake na kukiharibu. Lakini kujaza kupita kiasi ni jambo moja na wizi ni jambo jingine.

Tena kitabu chenyewe kisiaminiwe upesi. Toyota Vitz ya kwanza, ya 1999, ina tangi la lita 45. Iliyoifuata mwaka 2005 ina lita 42. Jina ni moja. Magari mengi ya namna hii hutufikia kutoka Japani yamekwisha tumika, na kitabu, kama kipo, ni cha Kijapani. Karani anasoma kitabu gani?

Sasa mshale. Ndani ya tangi mna boya, kama lile la tangi la choo, limefungwa kwenye mkono wa waya. Boya likipanda na kushuka, mkono hutambaa juu ya kifaa kinachopunguza au kuongeza nguvu ya umeme, na mshale husogea. Hakuna kitu kinachohesabu lita pale. Tangi la motokaa ndogo kwa kawaida hulazwa chini ya kiti cha nyuma. Ni bapa, limebonyea huku na huku kukwepa vyuma vingine, na nusu ya kimo chake si lazima iwe nusu ya petroli. Boya likigota juu, mshale hukaa kwenye F kilomita nyingi. Chini nako, mshale hugusa E hali lita kadhaa zimebaki. Na gari likisimama mahali penye mteremko, petroli hukimbilia upande mmoja, na boya huifuata.

Yadi ya ofisi ile ina mteremko. Tulikwenda kuiona wenyewe. Gari lilipoelekezwa pua juu, mshale ukakaa mahali pamoja, lilipogeuzwa, ukahama. Hakuna tone lililotoka.

Sisi wa reli hatukupaswa kufundishwa jambo hili. Nendeni Makumbusho ya Reli Nairobi mkaitazame injini ya mvuke 5918, Mount Gelai. Wazee waliofanya kazi kwenye injini kama hizo watawaambia kwamba maji ya boila yalitazamwa kwa vioo viwili, si kimoja, na fayaman alikuwa akifungua koki kuvisafisha na kuvijaribu, kwa maana kioo kilichoziba huonyesha maji yasiyokuwapo. Kama watu wenye moto na mvuke mbele yao hawakuamini kioo kabla ya kukijaribu, karani aliyeketi kitini anauaminije mshale ambao hajaujaribu hata siku moja? (Volkswagen zile za zamani, kabla ya miaka ya 1960, hazikuwa na mshale kabisa. Injini ikizimika, dereva alifungua bomba la akiba karibu na mguu wake akaendelea. Hakuna aliyeshitakiwa kwa mshale siku hizo.)

Pampu ya petroli hukaguliwa na kupigwa muhuri kwa Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura 513. Mshale wa gari haupigwi muhuri wa sheria hiyo. Kwa hiyo hesabu ya haki hutoka kwenye risiti na kilomita. Jaza mpaka pampu ijizime, andika kilomita. Safari ya pili jaza vivyo hivyo, kisha gawa kilomita kwa lita. Ndugu yetu, kwa bahati njema, huandika. Wiki ile gari lilikwenda kilomita 552 kwa lita 36.8, yaani kilomita 15 kwa lita. Wiki iliyotangulia lilikwenda 483 kwa lita 32, nayo ni 15 na kidogo. Petroli iliyoibiwa iko wapi? Wiki moja peke yake haitoshi, lakini daftari lake ni la miezi saba, na lasema hivyo hivyo. Na tuseme wazi: daftari kama hilo litamkamata mwizi pia, na chama hakitamficha.

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mshahara ukatwe kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Si kwa mshale. Kifungu cha 41 chataka mtu aelezwe shitaka kwa lugha anayoielewa kabla ya kufukuzwa kwa kosa, naye ana haki ya kuwa na mfanyi kazi mwenzake au mjumbe wa chama mahali pa kazi, amtakaye mwenyewe. Mwenye kupewa karatasi kama ile asitie sahihi siku hiyo. Aje nayo kwa katibu wa tawi, pamoja na risiti.

Tumemwandikia tajiri yule, tumemwomba aje yadini na karani wake tuligeuze gari mbele ya macho yao. Jibu halijafika. Ndugu yetu aripoti kazini kila asubuhi, lakini ufunguo wa gari hajapewa.