Joto la antena na kitambaa cha moto

Baada ya darsa la akina mama hapa Kasekese liliulizwa swali linalostahili nafasi katika safu hii. Ikiwa huko Ulaya uvimbe wa saratani hupashwa joto kwa mawimbi ya redio, kwa nini mgonjwa asikandwe nyumbani kwa kitambaa cha moto, akaokoa nauli ya Mwanza?

Habari hiyo ni ya kweli. Mgonjwa hulala ndani ya duara la antena, nazo katika mtambo mmojawapo unaojulikana ni 8. Kati ya antena na mwili huwekwa mfuko wa maji, ili mawimbi yapenye vizuri na ngozi isiungue. Masafa yake hayako mbali na yale ya redio za FM. Antena moja peke yake ingemaliza nguvu pembeni kabla ya kufika ndani. Mfano wake ni watu 8 waliozunguka bwawa, kila mmoja akitupa jiwe kwa wakati aliopangiwa: viwimbi vyao hukutana mahali pamoja na kuinuka kuliko kwingine kote. Ukibadilisha nani atangulie na nani achelewe, mahali hapo huhama. Ndivyo wataalamu wanavyoufuata uvimbe uliojificha ndani ya nyonga.

Joto lenyewe ni nyuzi 40 hadi 43 za Sentigredi, kwa takriban saa moja. Haliupiki uvimbe, kama wengi wanavyodhani. Huuongezea damu na oksijeni, na huzuia seli zake kujikarabati baada ya kupigwa mionzi. Joto ni msaidizi wa mionzi, si badala yake.

Nchini Uholanzi, kati ya 1990 na 1996, wagonjwa 358 wa saratani za nyonga waligawanywa: wengine mionzi peke yake, wengine mionzi pamoja na joto. Kwa wenye saratani ya mlango wa kizazi, waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 27 kwa mionzi peke yake, na asilimia 51 walipoongezewa joto. Tangu hapo mionzi imekuwa ikiunganishwa na tibakemia, na faida ya kuongeza joto juu ya hizo mbili haijadhihirika kwa kiasi hicho.

Ama kitambaa, joto lake huishia kwenye ngozi na nyama ya juu. Mama akikandwa miezi mitatu huenda maumivu yakapungua, huku uvimbe ukiendelea kukua. Hapa nawasemesha waume, maana ndio waamuzi wa safari, na baada ya mavuno fedha ya pikipiki huwa haikosekani. Tiba ya mionzi ipo Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, isisubiri mavuno.

Uchunguzi wa awali hauhitaji mtambo: mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Mabinti nao wana chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Tangu 2024 ni dozi moja, na mwaka huo ilitolewa kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Dada mwingine aliuliza: na mhudumu akiwa mwanamume? Aombe kwanza mwanamke. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu kwa dharura, pasipo kuvuka kiasi cha haja, na mumewe anaweza kuwepo.